Sakafu ya Kuanikia Tangawizi

Mtu mmoja wa milimani Upare alikuwa na sakafu ya zege mbele ya nyumba yake, na alikuwa na mke. Yeye aliitwa Kajiru, mkewe Namkunda. Sakafu ile waliijenga wenyewe mwaka waliooana. Kajiru alipasua mawe, Namkunda akapandisha mchanga kutoka mtoni kwa karai kichwani, na siku ya kumwaga zege walifanya kazi tangu umande haujakauka hadi jua likaenda zake. Kila msimu walianika tangawizi yao hapo. Majirani wasio na sakafu walileta yao pia, na hakuna aliyekatazwa.

Wakajaliwa mtoto mmoja, binti, wakamwita Anaeli. Alijifunzia kutembea juu ya zege lile, kwa maana katika mteremko wote ule ndipo palipokuwa tambarare.

Masika moja, Kajiru akiwa bondeni kwenye vibarua vya mkonge, mtoto alishikwa na homa kali. Mvua ilikuwa imekata barabara. Namkunda alimfunga mgongoni kwa kanga, akashika njia ya miguu kuelekea zahanati. Mtoto hakupona. Kajiru aliporudi aliwakuta waombolezaji wamejaa uwanjani, wameketi juu ya sakafu. Akamtazama mkewe mbele yao wote, akasema, "Ulikuwa wapi wewe?"

Neno lile lilitoka kwa uchungu, na mwenye uchungu husamehewa mengi. Lakini lilikuwa limeshamwagika, na hakuna aliyeinama kulifuta.

Tangu siku hiyo waliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Namkunda alipika, alilima, aliitika alipoitwa. Mazungumzo yao yalikuwa ya chumvi na kuni, na kama mvua itanyesha. Kicheko chake, ambacho zamani kilisikika hadi ng'ambo ya korongo, kilikauka.

Sakafu nayo ikachakaa. Mvua ziliilamba, majembe ya kugeuzia tangawizi yakaikwangua, ngozi yake ya juu ikatoka na kokoto zikachomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Vishimo vilishika maji, na tangawizi iliyolala juu yake ikaota ukungu. Pikipiki ya mgeni mmoja ilivuja oili kandokando, na kwa kuwa hakuna aliyeisafisha, zege liliinywa.

Kajiru hakuwa mtu mbaya. Alijaribu. Alimletea mkewe kitenge kipya, akaleta redio, akaleta nyama siku isiyo ya sikukuu. Namkunda alishukuru kwa adabu, akakikunja kitenge na kukiweka sandukuni. Mwaka huohuo Kajiru alikoroga saruji na mchanga, akaupaka mchanganyiko ule juu ya sakafu bila hata kuifagia vizuri. Kwa siku chache ilipendeza. Kisha jua likaichoma, na utando ule mpya ukaanza kubanduka vipande vipande kama magamba. Chini yake vumbi na oili vilikuwa palepale alipoviacha.

Ndipo akaja dada yake mkubwa, Nakiete. Alimpenda mdogo wake, na aliyoyasema aliyasema kwa mapenzi. Aliitazama sakafu, akamtazama Namkunda aliyekuwa akipita na ndoo, wala hakupunguza sauti. Alisema kilichokwisha kimekwisha. Sakafu ibomolewe, imwagwe mpya. Na mke aliyegeuka jiwe arudishwe kwao kwa amani, ili Kajiru atafute mwingine angali na nguvu za kulea.

Kajiru hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Namkunda alilisikia lile hapana likikosekana, akatua ndoo, akaingia ndani kutenga nguo zake.

Asubuhi iliyofuata Kajiru aliazima nyundo kubwa. Alisimama katikati ya sakafu, akainyanyua, akapiga. Nyundo ilirudi juu, ikamtetemesha mikono hadi mabegani. Akapiga pengine, na pengine tena. Kila mahali zege lilimjibu kwa mlio mzito wa kitu kizima. Pembe moja tu, ya upande wa mteremko, ilitoa sauti ya mtungi mtupu. Akapiga magoti, akapapasa pale alipopiga kwa nguvu zake zote. Palikuwa na alama nyeupe, basi. Mawe aliyoyapasua yeye na mchanga aliopanda nao Namkunda vilikuwa vimeshikana huko chini miaka yote hiyo, na yeye hakujua.

Alipoinua kichwa alimwona mkewe amesimama mlangoni. Nyuma yake, juu ya kitanda, palikuwa na furushi limefungwa. Kajiru akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Akanyanyuka, akairudisha nyundo kwa mwenyewe, kisha akachota maji, akatwaa brashi ya waya, akainama.

Kazi ya kuifufua sakafu haianzi kwa kuongeza. Huanza kwa kuondoa. Alichokonoa kwa tindo kila kilicholegea. Alibandua ule utando wake wa haraka. Ile pembe tupu aliivunja hadi akafikia uzima. Oili aliisugua kwa sabuni na majivu, akamwaga maji, akasugua tena, na maji yalizidi kutoka meusi. Vidole vyake vilichubuka. Jua lilipofika utosini, Namkunda alitoka na brashi yake ya kufulia, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kusugua. Hakueleza kwa nini, wala Kajiru hakuthubutu kumuuliza.

Walisugua hivyo, kila mmoja kwa upande wake, wakisogeleana. Walipokaribiana kiasi cha kusikiana pumzi, Kajiru alimwita, macho yake yakiwa bado chini.

"Mama Anaeli."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu msiba. Watu waliliepuka jina lile kwa kumhurumia, na kwa huruma hiyo walimzika mtoto mara ya pili. Mkono wa Namkunda ulisimama. Kajiru akamwambia kwamba lile neno la siku ile lilikuwa lake mwenyewe. Yeye ndiye ambaye hakuwapo. Alishindwa kujiuliza, ndipo akamuuliza yeye, tena mbele za watu.

Namkunda aliweka brashi chini. Kisha akasema, "Uliniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa njiani, baba, nimembeba. Na alipokata roho sikurudi. Nilitembea naye hadi zahanati, kwa sababu nilijua ukija utaniuliza kama nilifika."

Kajiru alimshika mikono, ikiwa vilevile na mapovu ya sabuni. Alitaka kusema pole, neno ambalo watu humpa hata aliyejikwaa tu, na likamtoka kwa shida kama jiwe linalong'olewa. Wakalia wote wawili, magoti yao majini. Majirani waliokuwa wakipita njiani waligeuza nyuso, wakaharakisha, kwa kuwa yako machozi ambayo heshima yake ni kutotazamwa.

Jioni ile sakafu ilikuwa na sura mbaya kuliko wakati wowote. Ilikuwa imechunwa, imekwaruzwa, haina pa kujificha. Lakini sakafu laini haishiki kitu. Iliyokwaruzwa ndiyo ishikayo. Kesho yake waliinywesha maji, wakaipaka uji wa saruji kwa brashi, na ungali mbichi wakatandaza juu yake safu nyembamba, haizidi unene wa kidole. Kajiru alilainisha kwa mwiko, Namkunda akimsogezea karai. Kisha wakaifunika kwa magunia, wakawa wanaimwagilia asubuhi na jioni kama mche, wasimruhusu mtu kukanyaga. Nakiete alipokuja, Namkunda alimpokea kwa adabu zote, akamwomba apitie nyuma ya nyumba, kwa sababu sakafu ilikuwa bado changa.

Furushi lilikaa kitandani siku kadhaa, na Kajiru alipita kandoye kila alipoingia, bila kuligusa. Asubuhi moja alikuta nguo za mkewe zimefuliwa, zimeanikwa kambani, na kile kitenge kipo katikati yao.

Msidhani kwamba sakafu ile ilikuwa mpya. Jua la asubuhi likiipiga ubavuni, ungeona mahali pembe iliyojengwa upya ilipokutana na zege la kale. Mtoto mwingine hawakupata. Kicheko cha zamani cha Namkunda nacho hakikurudi. Kilikuja kingine, cha chini zaidi, ambacho ilibidi uwe karibu naye ndipo ukisikie. Lakini mavuno yalipoanikwa mwaka ule hakuna kipande kilichoota ukungu, na siku moja, wakigeuza tangawizi, Namkunda alianza mwenyewe kusimulia jinsi Anaeli alivyoonja kipande kibichi, akakunja uso, akakitema, kisha akakiokota na kukila tena. Kajiru alicheka hadi akaketi. Alikuwa hajawahi kukisikia kisa hicho, na akamwomba akirudie.

Basi ninyi mliooana, nanyi mliozaliwa tumbo moja, na ambao mmeanza kusema kwamba kilichokwisha kimekwisha: ni neno gani lililomwagika kwenu, na ni nani kati yenu aliyepiga magoti kulisugua?