Nguo ya Manyunyu

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mbona sauti zimelala? Mmekula, hamkula? Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na nguo mkononi, niitandaze?

Itandaze!

Itamfunika nani?

Atakayefikiwa!

Hapo sawa. Basi hapo zamani za kale, zama ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji ukiitwa Mtandio. Mji ule, jamani, ulikuwa na ajabu yake. Kivuli cha mtu kilichukua rangi ya nguo aliyovaa. Ukivaa nyekundu, kivuli chekundu. Ukivaa njano, kivuli cha njano. Mabibi wakubwa wakipita na hariri zao, ardhi yote inakuwa bustani inayotembea, na watoto wanaviruka vivuli wakidhani ni maua. Wewe unayecheka huko nyuma, unadhani nakudanganya? Nenda kaulize, kama utauona huo mji.

Lakini si kila kivuli kilikuwa na rangi. Walikuwapo wanawake wa kaniki. Kaniki mnaijua, nguo ya nili iliyokolea mpaka ikawa nyeusi, nzito, haina ua wala nakshi. Mwanamke ambaye mama yake alikuwa mtumishi wa nyumba kubwa alivaa kaniki. Aliifungia kifuani, mabega wazi. Jua lake, mvua yake. Hakuruhusiwa kujitanda. Hakuruhusiwa rangi. Hakuruhusiwa hata kujibu akiulizwa kwa nini.

Sasa, kila mwaka ilikuwapo Siku ya Kutoka. Siku hiyo wasichana waliovunja ungo walitolewa nje, na wanawake wote wa mji waliingia katika uwanja wa mfalme. Njia zilikuwa mbili. Lango Kuu, kwa waliojitanda. Mlango wa Vumbi, kwa wa kaniki. Pale Lango Kuu alikaa bawabu, Mzee Shomari. Kila aliyepita alimwuliza jina lake na jina la mama yake, kisha akayatangaza yote mawili, mji mzima ukasikia. Aliyetangazwa jina alikuwa huru, leo na kesho na siku zote. Kule Mlango wa Vumbi hakuna aliyeulizwa jina. Walihesabiwa tu. Mmoja, wawili, watatu, kisha wakagawiwa nyumba za kutumikia.

Na hili lisiwapite. Mzee Shomari hakuruhusiwa kuwatazama wanawake. Sheria ya mfalme ilisema, mwanamume atakayeinua macho pale langoni, macho yake wapewe kunguru. Basi alikaa kitini ameinamisha kichwa, miaka thelathini, akitazama mapindo ya nguo na vivuli chini. Mji mzima wa wanawake aliujua kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini. Masikini, shingo yake ilikuwa imeota hivyo hivyo.

Katika mji ule aliishi mtia rangi mmoja, jina lake Mize. Yeye mwenyewe alivaa kaniki. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, haitakati kwa sabuni wala kwa mchanga. Hariri na bafta zote za mabibi zilipita katika mapipa yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Zafarani, na mwaka huo Zafarani alikuwa atolewe nje.

Mize hakulala vizuri. Kila akimtazama mwanawe akisuka ukili mlangoni, moyo unamwuma. Anajisemea, huyu wangu wataenda kumhesabu.

Akaenda kwa Bibi Rehani, mke wa mfalme. Akapiga magoti.

"Bibi, nakuomba, siku ya kutoka, binti yangu afunike mabega."

Bibi Rehani alikuwa anapakwa hina. Akasema, "Rudi kesho, hina haijakauka."

Akaenda mara ya pili. "Bibi, mabega tu."

Bibi Rehani alikuwa anafukizwa udi. Akasema, "Rudi kesho, moshi unaniingia machoni."

Akaenda mara ya tatu. "Bibi, ni mtoto wangu wa pekee."

Bibi Rehani akacheka. "Mize wewe! Wote wakijitanda, mimi nitajuaje nani wa kuniletea maji? Nenda zako kwenye mapipa."

Mize akarudi nyumbani. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa haki yake, nami namwunga mkono. Akajilaza karibu na mapipa, mchana wa jua kali, mvuke wa nili ukimzunguka. Usingizi ukamchukua.

Akaota. Aliuona mji wote umesimama uwanjani, mabibi na watumishi, na mvua ya manyunyu inashuka. Manyunyu yale yalikuwa ya polepole, hayana sauti. Yalidondoka kwenye mabega ya huyu, yakadondoka kwenye mabega ya yule. Na kila yalipogusa yaliacha kidoa cheupe. Marehemu mama yake alikuwapo, amesimama katikati na mabega yamejaa vidoa, anamwita, lakini kwa mbali mno hata jina halisikiki vizuri.

Alipoamka uso wake ulikuwa umelowa. Hakujua kama ni jasho au ni nini. Akanyanyuka, akachukua bafta nyeupe na kiganja cha mtama. Akaziweka punje moja moja chini ya kitambaa, akazifunga kwa uzi. Moja, nyingine, nyingine, mpaka kidole kikavimba. Kisha akaitumbukiza nguo katika pipa. Pipa gani? Lile lile la kaniki. Alipoifungua, nguo ilikuwa ya buluu nzito, na kila palipofungwa punje pamebaki kitone cheupe. Manyunyu matupu.

Zafarani akaishika, akaigeuza mwangani. Halafu akasema, "Mama, hii inanyesha."

Siku zile mabibi walikuwa wanaanza kuja kuagiza nguo za sherehe. Na mabibi, mnawajua wenyewe. Akaja wa kwanza, akanong'ona, "Mize mwanangu, nataka nguo ambayo mwenzangu yeyote hana."

Mize akaitoa ile. "Bibi, hakuna mwanamke wa mji huu aliyewahi kuivaa hii."

"Uifiche mpaka siku yenyewe. Asiione mtu!"

"Hataiona mtu, Bibi."

Akaja wa pili, akanong'ona vile vile. Akaja wa tatu, akanong'ona vile vile. Walikuja mabibi arobaini, na kila mmoja alipokuja kuchukua yake alitoka amebana furushi kwapani akitabasamu peke yake. Je, Mize alisema uongo? Semeni nyinyi. Siku ile alipoyasema hayo, ni nani alikuwa amekwisha kuivaa?

Sasa, desturi ya Mtandio ilikuwa hivi. Bibi analeta kitambaa cha nguo mbili, doti nzima. Moja anajitwalia, ya pili anamwachia mtia rangi kuwa ujira wake. Zamani Mize aliwapa wachuuzi, wakaenda nazo bara. Hakuna bibi aliyewahi kuuliza nusu ile inakwenda wapi. Mwaka huu hazikwenda bara. Mize alizikunja, akazipeleka kwenye majiko na visima na mawe ya kufulia. Kila mwanamke wa kaniki, nguo moja, ya kujitanda kichwa mpaka kifundo cha mguu. Akawaambia, "Siku ya kutoka, njia ni ile ya mbele."

Bibi Rehani mwenyewe akaja pia. Naye akanong'ona, naye akaambiwa vile vile. Lakini yeye, kwa tamaa, alizichukua zote mbili. Akasema mke wa mfalme haachi nusu.

Mize akahesabu watu, akahesabu nguo. Imepungua moja, na bafta imekwisha mjini. Akampa mwanawe ile ya mwisho.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitapita kule kule nilikozoea. Nenda mwanangu. Ukiulizwa, usitafune maneno."

Siku ikafika. Paukwa!

Pakawa!

Msinilalie, ndiyo tunaingia langoni.

Mzee Shomari kitini, kichwa chini. Likapita pindo la kwanza, la manyunyu. "Jina?" Akajibiwa, akatangaza. Likapita la pili, la manyunyu. "Jina?" Akatangaza. Likapita la tatu, la manyunyu. Mzee akafikicha macho. Ardhi mbele yake ilikuwa imejaa vivuli vya buluu vyenye vitone, vinapita, vinapita, kama mvua inayonyesha kutoka chini. Njiwa waliteremka wakadonoa kivuli wakitafuta maji. Mzee wa watu akavuta miguu yake chini ya kiti, asilowe.

Mle ndani uwanjani mabibi walianza kuonana. Lo! Huyu anamtazama huyu, yule anamtazama yule. Kila mmoja anaona mwenzake kamwibia. Wakataka kugombana, lakini utagombana na nani wakati wote mmejitanda sawasawa? Huwezi kujua unayemsonya ni shoga yako au ni mpishi wako. Wakabaki wamesimama, na ule uwanja ukawa kama ndani ya ndoto ya Mize.

Mwisho akaja Bibi Rehani. Mwaka huo aliacha mwavuli na matarumbeta, alitaka jua liimulike nguo yake vizuri. Alipochungulia langoni akaona manyunyu matupu, akapiga kelele.

"Wenye kaniki watoke!" Hakutoka mtu.

"Waungwana wajifunue nyuso tuwajue!" Mwungwana gani atajifunua mbele ya mwanamume? Hakujifunua mtu.

"Shomari, inua macho uwachague!"

"Siinui," akasema Mzee Shomari. "Sheria imekataza, na kunguru wapo pale ukutani wananisubiri. Haya, wewe, jina lako na la mama yako."

"Hunijui? Mimi mke wa mfalme!"

"Mwanangu, mimi naona pindo. Na pindo hili leo nimeliona mara themanini. Jina?"

Hapo, wasikilizaji wangu, Bibi Rehani akanaswa. Miaka yote alikuwa anapita na pindo la dhahabu na matarumbeta, hakuna aliyethubutu kumwuliza jina. Sasa ataje mama gani? Akitaja bibi mkubwa, mabibi wote wamo humo ndani, kila mmoja anamjua mama wa mwenzake. Na mama yake wa kweli alikuwa mfua nguo, mwanamke wa kaniki. Mfalme alimwoa Rehani huko mbali, naye akapanda juu, akamficha mamake kama mtu anavyoficha kiraka.

Jua likapanda. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akakohoa. Alikuwa Zafarani. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kugeuka kumtazama mama yake.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "sema tu. Na mimi hapa nangoja nimtaje wangu."

Bibi Rehani aligeuka akamtazama yule msichana. Nguo moja, yeye na yeye.

"Rehani," akasema. Halafu, pole pole mno, "binti Mauwa."

Mzee Shomari akavuta pumzi, akatangaza, "Rehani binti Mauwa!" Mji mzima ukasikia. Hakuna aliyecheka. Wafua nguo waliokuwa ndani, wale walioletwa kutoka huko mbali na waliomjua Mauwa, walipiga vigelegele, na Bibi Rehani akaingia analia, akawaendea wale wale waliopiga vigelegele.

Pindo la mwisho likasogea.

"Jina?"

"Zafarani binti Mize."

Kule Mlango wa Vumbi alikuwapo mwanamke mmoja tu, peke yake, mabega wazi, mikono ya buluu. Mhesabuji alikuwa amemwelekezea kidole, amesema "mmoja," akakosa wa pili. Mara sauti ya Mzee Shomari ikaruka ukuta.

"Zafarani binti Mize!"

Mize akashika ukuta. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia jina lake likitajwa hadharani, isipokuwa kuitwa lete hiki, toa kile. Akakaa chini palepale vumbini, akacheka, akalia, vyote pamoja. Halafu akapiga ukelele kupitia juu ya ukuta:

"Mzee Shomari! Sikusikia vizuri! Hebu rudia!"

Na Mzee Shomari, ambaye katika miaka thelathini hakuwahi kulirudia jina la mtu, hata la mabibi wakubwa, akasimama kitini. Akarudia.

Ngano yangu imeishia hapo. Iliyokuenea, ivae uende nayo. Iliyokubana, nirudishie niipanue. Nami niliyewasimulia sina zaidi.

Imekwisha?

Imekwisha!

Haya, nani ana maji ya kunywa?