Mwana wa Kunyonya wa Bi Safura

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zamani katika nchi ya Shamu, maamiri wawili walipopigana, kulikuwa na kaumu ya Wanawari, wahunzi wa kuhamahama waliokwenda mji hadi mji wakipaka bati masufuria ya watu. Kila jeshi liliwashuku kuwa ni majasusi wa jeshi jingine. Na waliopikia masufuria hayohayo hawakufungua mdomo kuwatetea. Ajabu ya mwanadamu!

Jemadari mmoja aliuteka mji mdogo, akaapa kwa jina la Allah mbele ya halaiki: watu wa mji na jamaa zao wana amani, ila Wanawari watauawa. Waliokamatwa wakafungiwa zizini, wake kwa watoto, wakingoja kuuawa msako ukiisha.

Mmoja wao, Nadira, alitoroka na mtoto mchanga, akabisha hodi kwa Bi Safura, mjane mchamungu aliyekuwa amemzika mwanawe majuzi tu. Kwa njaa na hofu, Nadira hakuwa na tone la maziwa. Bi Safura alimtazama yule mtoto, akalia, akampa ziwa. Akaendelea kumnyonyesha siku baada ya siku, hata mtoto akanawiri.

Msako ukafika mlangoni, na jemadari mwenyewe yumo.

"Mama, humu mna Mnawari?"

Nadira alikuwa nyuma ya mitungi ya unga. Kusema "hamna" kungekuwa rahisi mno.

"Wamo wawili," akajibu Bi Safura.

Jemadari akachomoa upanga.

"Subiri, mwanangu. Mtoto huyu nimemnyonyesha akashiba, si mara moja wala mbili. Kwa sheria ya Mola wetu ni mwanangu. Na aliyejificha mle ndani ni mama yake mzazi. Wewe uliapa amani kwa watu wa mji huu na jamaa zao. Basi niambie, nani kati ya hawa si jamaa wa nyumba hii?"

Jemadari akaushusha upanga. Alikuwa mtu mkavu, lakini kiapo alikiogopa.

"Umenifunga, mama."

"Sikukufunga mimi. Ulijifunga mwenyewe kwa jina Lake."

Habari zikaenea. Jemadari aliporudi zizini aliwakuta wanawake wa mji wameketi mavumbini, kila mwenye maziwa amempakata mtoto wa Kinawari, ananyonyesha. Subhanallah!

Msaidizi wake akamnong'oneza, "Bwana, undugu wa kunyonya hautimii kwa mara moja."

Jemadari akaurudisha upanga alani, akaketi chini.

"Basi tutangoja mpaka utimie."

Wakapiga kambi palepale, jeshi zima na silaha zake, wakingoja watoto washibe.

Ndugu zangu, Mola atujaalie moyo wa kumlisha mtoto kwanza, kabla ya kuuliza ni wa kabila gani. Amin.