Usiku wa Baridi Kwenye Bustani ya Shule

Wapendwa, ninyi mnaoijua baridi ya huku juu, nisikilizeni. Alikuwapo mwalimu mmoja wa kike, mgeni, aliyepangiwa shule ya msingi katika kijiji cha milimani kama hiki chetu. Alifika mwezi wa saba, shule zilipofunguliwa, wakati ule ambao asubuhi umande huganda na kuwa barafu juu ya majani. Siku yake ya kwanza aliona watoto wakila makande, mahindi na maharage matupu. Siku ya pili, makande. Wiki ikaisha hajaona jani la mboga kwenye sahani ya mtoto hata mmoja.

Akamfuata mkuu wa shule. "Mkuu, naomba kile kipande cha ardhi nyuma ya madarasa. Nataka kulima mboga na watoto."

Mkuu akacheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, wewe umetoka kwenye joto. Huku hatupandi baridi hii. Subiri mvua, mwezi wa kumi na moja."

"Na mpaka mwezi wa kumi na moja watakula nini?"

Mkuu akampa ardhi, ila akamwambia, "Zikifa, tusilaumiane."

Basi wakalima. Watoto walishika majembe vidole vimekufa ganzi, wakipuliza viganja na kurudi kazini. Waliteka maji kijitoni, wakapanda chainizi, spinachi na njegere. Miche ilipochungulia, lo, furaha iliyokuwapo! Kuna waliokuwa wanakimbia bustanini kabla hata ya kuweka mikoba darasani. Halafu asubuhi moja wakakuta barafu imetanda, na miche yote imekuwa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto.

Mwalimu aliwaona wakilia, akaumia. Nyumbani alikuwa amebakiza mbegu kidogo. Wakapanda upya. Safari hii hakutaka kubahatisha. Aliitisha wazazi, akasimama mbele yao, akasema, "Wazazi wangu, miche michanga ni kama watoto wachanga, haiwezi kulala wazi kwenye baridi hii. Naomba kila nyumba ilete mzigo mmoja tu wa nyasi kavu tuifunike."

Wazazi wakapiga makofi. "Umesema vizuri, mwalimu! Tutaleta!"

Mnajua kilicholetwa? Mnajua, maana mnacheka. Siku zikapita, hakuna aliyekuja hata na unyasi wa kuchokonolea meno. Huyu ana kikao, yule ng'ombe wake wanaumwa, mwingine anasema ataleta kesho.

Jioni moja mbingu ikawa nyeupe, haina wingu, upepo umetulia. Sisi wa huku tunajua jioni ya namna hiyo inaleta barafu. Mwalimu naye alikwisha kujua. Alipita bustanini, akatazama ile miche ikiwa na vijani viwili viwili. Atafanya nini peke yake? Akaenda nyumbani, akapiga magoti, akasema, "Bwana, ifunike wewe." Akajivuta ndani ya blanketi.

Asubuhi aliamka kila kitu ni cheupe. Hakuthubutu kwenda bustanini. Alikwenda moja kwa moja mstarini, na pale akakuta watoto wa darasa lake wanatetemeka, meno yanagongana, hakuna mwenye sweta hata mmoja.

"Masweta yenu yako wapi?"

Watoto wakatazamana.

"Nauliza! Baridi yote hii, mmeyapeleka wapi? Wazazi wenu wataniambia nini?" Alikuwa ameshaanza kupandisha sauti. Akamnyooshea kidole msichana mdogo aliyesimama mbele, mwenye pengo la meno. "Wewe, sema!"

"Yako bustanini, madamu."

"Bustanini yanafanya nini?"

"Yamefunika miche. Tuliyatandika jana ulipoondoka. Tuliona nyasi hazijaja."

Mwalimu hakungoja. Alikimbia, watoto nyuma yake. Akayakuta masweta ya shule yametandazwa juu ya matuta, mikono yake imekandamizwa kwa mawe, yamekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Akapiga magoti, akainua ukingo wa moja.

Chini yake palikuwa kijani.

Akainua la pili. Kijani. La tatu. Kijani! Akajikuta analia na kucheka kwa wakati mmoja, na watoto wanaruka juu ya barafu wakishangilia kama waliofunga goli. Aliwakusanya jikoni kwenye moto, wakapewa uji, na yule mwenye pengo akamviringisha kwenye kitenge chake mwenyewe.

Hapo akatokea mama mmoja, amekuja mbio na hasira kumtafuta mwanawe aliyelala bila kusema sweta liko wapi. Akaonyeshwa bustani. Akageuka, akaondoka. Aliporudi alikuwa na mzigo wa nyasi kichwani. Na nyuma yake wengine, na wengine, mpaka njia ya shule ikawa inatembea nyasi. Jua lilipozama siku ile, hakuna mche uliolala wazi. Na kabla mvua hazijaanza, watoto wale walikula mboga waliyoilima, na mkuu wa shule aliomba sahani ya pili.

Mnafurahi? Furahini, miche ilipona. Mimi pia nafurahi kila ninapoisimulia. Mungu alilijibu ombi la mwalimu, tena alilijibu kabla hajatoka magotini: wakati yeye anaomba, masweta yalikuwa yameshatandikwa.

Lakini sasa niambieni, nani alitetemeka? Walitetemeka wadogo, ambao hawakuwa na kitu ila kile walichovaa. Na nyasi zilikuwa kwa nani? Zilikuwa kwetu, wapendwa. Ziko nyuma ya nyumba zetu, zimerundikana, tunazipita kila siku tukienda kusali.

Sisi ndio wale wazazi waliopiga makofi. Tunasikia habari za mjane wa pale chini ambaye paa lake limeng'oka, tunasema, "Tutamkumbuka kwenye maombi." Tunasikia kijana aliyetoka gerezani anaogopa kuingia humu kanisani, tunasema, "Bwana atamfunika." Atamfunika, ndiyo. Ila tusije tukaamka asubuhi tukakuta amefunikwa na sweta la mtoto wetu.

Leo mbingu ni nyeupe, mmeiona mlipokuwa mnaingia. Baridi inakuja. Lakini jua bado liko juu, na nyasi tunazo. Nikimaliza kuomba, msikae kupiga soga mlangoni. Nendeni mkazibebe.