Bi Zuwena na Jini wa Jumba la Haki

Wapokezi wa habari wametuhadithia, na ilimu yote iko kwa Mola, kwamba mji wa Zumuridi ulitawaliwa na Sultani Tamimu bin Saqari, mtu mwema mwenye haraka, na fahari ya mji huo ilikuwa Jumba la Haki, lililojengwa na babu yake kwa mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, na ngazi zake zilipanda kwa ukali hata wazee walitoa shahada kabla ya kuzikanyaga. Na sheria ya mji ilikuwa hii: shauri lisilosemwa ndani ya jumba lile halisikilizwi.

Basi alikuwapo mjane, Bi Zuwena binti Khalfani, ambaye homa ilimwachia uhai ikachukua nguvu za miguu, naye akawa anatembelea kigari cha kukokotwa na punda. Waziri Shaibu akaona mwanya, akainyakua bustani yake ya ndimu na kuchimba humo bwawa la bata, na kila Bi Zuwena alipofika chini ya ngazi kushitaki, Waziri alitokeza mlangoni akamwambia kwa sauti ya asali kwamba mlango uko wazi, apande tu. Bi Zuwena alirudi nyumbani akilia kwa hasira, si kwa ajili ya ndimu peke yake, bali kwa kuwa watu walikwisha kumzoea pale chini kama wanavyolizoea jiwe la njiani.

Siku moja Sultani akamwona, akauliza habari zake, na alipozisikia alighadhibika akaamuru ngazi zivunjwe saa ile ile. Waashi wakainua nyundo, na nyundo zikageuka mabilinganya mikononi mwao. Mara ukafuka moshi wa udi ukutani, akatoka jini mrefu kama mnazi, ameshika tambara la kufutia vumbi, akasema kuwa jina lake ni Qarqabushi na kwamba alimwapia babu yake Sultani kuwa hakuna jiwe litakalovunjwa wala kuondolewa maadamu yeye yu hai. Kisha akamkemea mwashi mmoja kwa kushika nguzo na mkono wenye mafuta.

Waashi wakatimka, Sultani akajibanza nyuma ya punda, na Waziri Shaibu akatangaza kwamba heshima ya kale imeshinda. Bi Zuwena naye aliogopa hata meno yakagongana, lakini punda wake aligoma kuondoka, basi akaona heri aseme.

"Bwana mlinzi, jumba hili lilijengwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa kila aliyedhulumiwa," akajibu jini.

"Mimi nimedhulumiwa, na ndani sijapata kupaona. Umelilinda jumba, bwana wangu, na wenyewe umewaacha nje."

Jini akalikunja na kulikunjua tambara lake, na haya zikamwingia.

"Niliapa kutovunja na kutoondoa," akasema polepole. "Kuongeza sikuapia."

Ukajengwa mteremko mrefu wa mbao kando ya ngazi, na jini akajifanya msimamizi, akaufumua kila ulipoziba ua la nakshi, na akashurutisha usiguse ukuta, ubaki mwanya wa kidole, ili siku yoyote uweze kuinuliwa na jumba libaki kama lilivyokuwa. Waashi walisema heri wangejenga mnara wa kufika mbinguni.

Ulipokwisha, Bi Zuwena akapanda, na kwato za punda zimefungwa mahameli kwa amri ya jini, na nyuma yake wakafuata vipofu, wakongwe wa mikongojo na kina mama wenye pacha. Alipoiona dari iliyonakshiwa nyota alisahau maneno yake yote, na baraza zima likamngoja mpaka yakamrudia.

Waziri Shaibu akapinga kwamba punda hakubaliki barazani. Sultani akajibu, "Mmoja tumemvumilia humu miaka mingi."

Bustani ikarudi kwa mwenyewe pamoja na bata wake, na Waziri akahukumiwa kung'arisha nakshi chini ya macho ya Qarqabushi, ambaye hajapata kukiri kwamba zimetakata.

Naye Sultani akaanza kupenda mno juisi ya ndimu, hata akaenda mwenyewe bustanini kuposa. Bi Zuwena akamweka kitako mpaka bata wakamdonoa viatu, kisha akakubali, na mahari aliyotaka ni kwamba kila nyumba ya umma mjini ipate njia kama ile. Wakaoana ndani ya jumba, na mwenye kusikia na azingatie: cha kale huenziwa kwa kutumika, na mlango usioingilika ni ukuta tu, ujapotiwa nakshi.