Mama Aliyekatazwa Kulia

Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakueleza mgeni huyo aje na nini mkononi. Watoto hudhani methali hii inahusu kuku, maana mgeni akifika kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata paja. Watu wazima husema inahusu zawadi. Mimi nasema wote wamepatia nusu tu, na shahidi wangu ni Maman Mwadi, msusi katika maduka ya Galerie d'Ixelles mjini Brussels, aliyekwenda katika mji mdogo wa milima ya Armenia akiwa amekatazwa kulia.

Mwadi alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi. Huko Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, alisifika kwa mambo mawili: mikono yake na koo lake. Msiba ukitokea miongoni mwa Wakatanga, watu wa mkoa wake, Mwadi alipigiwa simu kabla ya padri. Alilia kwa mpangilio, kwanza jina la marehemu, kisha majina ya waliomzaa, kisha swali moja kwa Mungu, na wakwe waliokuja na ugomvi wao walijikuta wameusahau mlangoni. Kwao mtu haingii kwa mara ya kwanza katika nyumba iliyofiwa bila kulia, hata kama marehemu alizikwa miaka mingi iliyopita. Asiyelia huwekwa moyoni kama mtu aliyekifurahia kifo kile.

Mumewe, Papa Nday, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa Lubumbashi waishio Brussels, na hakuvua tai hata alipokwenda kununua mkate. Aliamini kwamba dunia ingenyooka laiti watu wangefuata ajenda, ambayo yeye aliiita ordre du jour. Kila ajenda yake ilimalizika kwa kipengele alichokiita divers, yaani mengineyo, na kila mara alikiacha kitupu kwa sababu hakupenda mengineyo.

Mwaka 2009 binti yao Tatiana, muuguzi, alichumbiwa na Vahan, kijana wa Kiarmenia aliyeishi na wazazi wake ghorofa ya juu yao huko Etterbeek. Wazazi wa pande zote mbili waliridhia. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni Bibi Siranush, mzaa baba wa Vahan, aliyebaki kwao milimani. Kwa desturi ya ukoo ule, mwanamke mkubwa wa nyumba huchukua mkate mwembamba, mpana kama kitambaa cha meza, akamtandikia mchumba begani. Asipoutandika, hakuna harusi. Na kwa kuwa Bibi Siranush alikuwa na miaka mingi hajavuka lango la ua wake, ilibidi bega liende huko mkate uliko.

Kabla ya safari, mama yake Vahan alishuka ngazi, akanywa chai, akatoa onyo. Mwaka 1988 tetemeko la ardhi liliuangusha mji ule wote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai hiyo. Bibi Siranush alipoteza mume na binti siku moja. Mji ukajengwa upya, lakini Bibi hakujengeka. Chakula alikionja tu, hatoki, na madaktari waliambulia patupu. Kwa kumhurumia, familia ikaweka sheria: mbele yake tetemeko halitajwi, marehemu hawatajwi, na hakuna anayetoa chozi.

Papa Nday aliipenda sana sheria ile. Aliiandika katika vipengele vitatu, akaongeza divers, akaibandika kwenye friji. Mwadi aliisoma akashika kiuno.

"Papa Nday, bantu bawili bamekufa mu nyumba ya bakwe zetu, na mi niingie tu niseme bonjour?"

"Utaingia, utasema bonjour, utakaa," alisema Nday. "Njo règlement ya kwabo."

"Bon. Batasema mutoto yetu anatoka ku bantu babaya."

Yakaanza mazoezi. Nday alijifunga shuka kichwani, akaketi sebuleni akawa Bibi Siranush, na Mwadi akatakiwa kuingia kwa furaha. Mara ya kwanza alilia akiwa bado mlangoni. Mara ya pili alifika kwenye kiti, ndipo akalia. Mara ya tatu alijikaza kisabuni hadi mwisho, lakini akashikwa na kwikwi iliyodumu mpaka jioni. Mauwa, msusi mwenzake, alimwonya kwamba kilio kikizuiwa hushukia miguuni. Kuanzia siku ile Mwadi akawa anaichunguza miguu yake kila asubuhi.

Siku ya kufunga mizigo, Nday alikuta ndani ya sanduku samaki wakavu na vitenge viwili vya matanga vya mtindo mmoja, kimoja cha mfiwa na kimoja cha anayemliwaza. Alivitoa vyote. Samaki walibaki Etterbeek, ila vitenge Mwadi alijifunga kiunoni chini ya koti, akapanda ndege akiwa mnene kuliko kawaida yake.

Walifika mwezi wa Mei mwaka 2010, wote wanne: Nday, Mwadi, Tatiana, na Vahan aliyekuwa mkalimani. Kila kitu katika mji ule kilikuwa kipya, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu mgeni katika mji mpya hana la kuulizia isipokuwa upya wake. Walipoketi mezani, Papa Nday alisimama na glasi mkononi akaipongeza mitaa, nyumba na kanisa, akasema hajapata kuona mji ambao hauna jengo kuukuu hata moja. Jasho lilimtoka Vahan. Akamtafsiria bibi yake kwamba mgeni anaisifu jibini. Nday akauliza kwa nini mtaa wa pili unaitwa wa Waitalia ilhali hajamwona Mwitaliano. Mtaa ule ulijengwa na Waitalia baada ya tetemeko. Vahan akatafsiri kwamba mgeni anaomba jibini zaidi.

Mwadi naye alitazama dirishani, akaona kuku uani wakiingia katika kontena la chuma lenye dirisha na pazia. Akashangaa kwa sauti kwamba kuku wa huku wana pazia. Katika kontena lile Bibi Siranush na mwanawe waliishi miaka minane wakingoja nyumba. Vahan, ambaye sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni, akatafsiri kwamba mama anawatamani wale kuku.

Basi Bibi Siranush, aliyekuwa mwanamke mwembamba wa nguo nyeusi na maneno machache, akaleta jibini, akachinja kuku, na kesho yake akachinja wengine wawili. Wageni wakala kwa heshima. Yeye hakula, aliwatazama tu.

Ukutani palikuwa na picha mbili, ya mwanamume mwenye kofia na ya msichana wa shule. Mwadi, kwa kuogopa macho yake mwenyewe, alichagua kiti kilichozipa mgongo. Bibi Siranush alikuja akakigeuza kile kiti. Siku ya pili Mwadi alikaa tena akizipa picha mgongo, na Bibi akakigeuza tena, safari hii kwa nguvu. Nday alidhani ni desturi ya kwao ya kupanga wageni, akainuka akageuza na cha kwake.

Siku ya tatu, kesho yake ikiwa ni ya kurudi, Tatiana aliingia jikoni akamkuta Vahan amesimama mbele ya bibi yake, uso umemshuka. Bibi alikuwa amekataa. Alisema binti hana kosa, ila hawezi kuunga undugu na watu wenye matumbo bila macho, waliokula siku tatu chini ya picha za wafu wake bila hata kuuliza ni kina nani. Vahan hakuthubutu kueleza kwamba yeye na wazazi wake ndio waliowafunga wageni midomo, maana kueleza ni kulitaja lenyewe. Tatiana alimfuata baba yake chumbani akamwambia kwamba hakuna harusi. Papa Nday aliisoma ajenda yake mbele na nyuma, asipate kipengele cha kumsaidia. Mwadi hawakumwambia, wakihofia kwamba atalia.

Wakaketi kula mara ya mwisho. Mkate ulikuwa mezani, umekunjwa. Bibi Siranush alikigeuza kiti cha Mwadi bila kumtazama, kama mtu anayefunga dirisha. Na Mwadi, aliyekuwa ameinamisha kichwa siku tatu mpaka shingo ikamuuma, akainua macho.

Hakuona marehemu. Aliona nywele, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Msichana alisukwa mikia miwili, na njia iliyogawanya nywele zake ilikuwa imepinda, ikianzia katikati ya paji na kuishia karibu na sikio. Mwadi aliijua njia ya namna ile. Ni njia ya mama aliyechelewa, na ya mtoto asiyetulia, asubuhi ya kwenda shule.

"Huyu mutoto, ni mama yake njo alimusuka," alisema taratibu. "Jina yake nani?"

Nday alimkanyaga mguu chini ya meza. Mwadi aliuvuta mguu wake. Vahan hakutafsiri, lakini kidole cha Mwadi kilikuwa kimeelekea pichani na hakikuhitaji mkalimani. Bibi Siranush akajibu neno moja.

"Anahit."

Ilitosha. Mwadi alisimama, akaweka mikono kichwani, akaanza. Aliliita jina lile kwa sauti ya siku tatu zilizobanwa, akamwita na baba yake mwenye kofia, kisha akamuuliza Mungu kwa Kiswahili cha Lubumbashi kama hakuona kwamba mtoto yule alikuwa ametoka tu kusukwa. Papa Nday aliinama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka. Jirani walikuja mbio, wakasimama mlangoni vinywa wazi. Vahan alijificha uso kwa mikono miwili, akijua kwamba sasa yamekwisha.

Bibi Siranush alisimama wima. Kisha kilio kilichokuwa kimefungiwa miaka ishirini na moja kikatoka. Mwadi alifungua koti lake, akachomoa kitenge kimoja, akamfunga kiunoni, na wote wawili wakaketi sakafuni, mmoja akililia upande huu na mwenzake upande ule. Jirani nao wakaingia wakaketi, maana kila mmoja alikuwa na wa kwake.

Walipotulia, Bibi alizungumza kwa saa mbili, na safari hii Vahan alitafsiri kila neno. Asubuhi ya tetemeko alimsuka Anahit kwa haraka. Mtoto hakutulia, naye akamgombeza, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwake. Tangu hapo kila alipotaka kuyasema, watu waliomhurumia walibadilisha mazungumzo. Alifika mahali akadhani ni yeye peke yake anayekumbuka kwamba Anahit aliwahi kuishi.

Kisha akasema ana njaa. Akala sahani mbili. Akaukunjua mkate, akamtandikia Tatiana begani, akamtandikia na Mwadi. Halafu akamtazama Papa Nday, ambaye alikuwa ameibuka kutoka chini ya meza na kujipangusia pua kwa tai yake, akamtandikia na yeye, ingawa desturi haisemi hivyo.

"Hii haikukuwa ku ordre du jour," alinong'ona Nday.

"Andika mu divers," alisema Mwadi.

Harusi ilifungwa Brussels mwezi wa Septemba, na Bibi Siranush alivuka lango lake, akapanda ndege, akahudhuria. Siku moja kabla ya harusi alikuwa amekaa saluni kwa Mwadi, kitenge kiunoni, akisimulia habari za Anahit kwa Kiarmenia. Mauwa na wateja wote hawakuelewa hata neno moja, na kila alipotua walimwambia pole, maman, naye akaendelea. Tatiana alikuwa kwenye kiti akisukwa. Bibi aliinuka, akachukua kitana mkononi mwa Mwadi, akaonyesha kichwani mwa bibi harusi alivyotaka njia ipite. Mwadi, ambaye katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kumwachia mteja njia iliyopinda, aliipinda.

Kwa hiyo msiniambie habari za kuku, maana kuku waliliwa watatu na hakuna aliyepona. Dawa ilikuwa ni mgeni mwenyewe, pamoja na kile alichoagizwa asije nacho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.