Kompyuta ya Kuzuia Mlango

Mji mzima ulimjua Bosi Masalu, muuza kompyuta za mtumba: akiona umekipenda kitu, bei yake inapaa papo hapo. Nyamizi, fundi seremala, alihitaji kompyuta ya kuendeshea mashine yake ya kuchonga milango. Aliingia dukani, akaipita moja kuukuu iliyozuia mlango usijifunge, akaenda kuishika nyingine nyembamba inayong'aa.

"Roho yangu iko hapa, bosi. Ila mume wangu kasisitiza nichukue lile kuukuu la mlangoni."

Masalu alicheka hadi wateja wakageuka. "Lile takataka? Dada, mwambie mumeo hata bure halina mchukuaji! Anayelitaka alibebe, atakuwa amenifagilia duka. Mashahidi hawa hapa!"

Nyamizi akalitia begani. "Basi nimekufagilia, bosi."

Jioni Masalu, udadisi ukimsumbua, alimfuata karakanani kwake. Akakuta takataka lake linaiendesha mashine, mbao zinachanua maua.

"Na ile uliyoipenda?" aliuliza kinyonge.

"Ile haina tundu la kuingia waya wa mashine yangu. Wenye tundu hilo ni wazee tu, kama huyu."

"Kumbe mumeo mjanja!"

"Mume gani, bosi? Mimi sijaolewa."