Nimeshiba, Wifi

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja, mtu wa ibada kama ninyi mliokaa hapo mbele, ila alikuwa na ulimi mwepesi. Siku ya arusi ya mpwa wake, wifi yake alipika wali, ukazidi maji kidogo. Mama yule akachota kijiko, akakiinua watu wakione, akasema, "Jamani, huu tule au tukandike nyumba?" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Wifi hakucheka. Tangu siku ile wakawa wanasalimiana kanisani kwa kutikisa vichwa tu.

Mama akajuta. Akaanza kuomba: "Bwana, mlainishe wifi yangu aseme nami walau neno moja." Mnalisikia ombi lenyewe? Hakuomba alainishwe yeye.

Basi umoja wa wanawake wakapanga matembezi. Wapande boti mto Rufiji, wapunge upepo, wale chakula cha mchana humo humo majini, warudi jua likipoa. Na mpishi mkuu aliyechaguliwa akawa nani? Wifi.

Siku ilikuwa njema sana. Maji rangi ya chai ya maziwa, turubai juu, upepo mwanana. Viboko walitoa macho na masikio tu, wakawatazama kina mama kama majirani wanaochungulia wageni. Anayetaka kuimba aliimba, anayetaka kusinzia alisinzia. Mama yule akavua viatu, akanyoosha miguu, akasema moyoni, kumbe hata kupumzika ni ibada. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, wala hakujali.

Mwenye boti akazima injini chini ya kivuli cha miti ya ukingoni. Wali ukapakuliwa kwenye masinia, wanawake wakakaa wannewanne. Sinia la wifi likawa na watu watatu. Wifi akanawa tena mikono aliyokwisha kuinawa, akainua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, karibu."

Na mama alijibu nini? Alijibu kama tulivyofundishwa sote tangu utotoni. Akatabasamu kwa heshima, akasema, "Ahsante wifi, nimeshiba."

Mnacheka, lakini nani hapa hajasema hivyo? Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, usionekane mlafi. Unangoja uvutwe mkono, uambiwe, "Hebu onja japo tonge moja," hapo ndipo unakaa. Mama alikuwa anangoja kuvutwa mkono. Hata kanga alishaikusanya tayari kwa kukaa! Lakini wifi akainamisha kichwa, akala kidogo, akanawa.

Masinia yakaondolewa. Mama akaenda kukaa mbele ya boti, tumbo likinguruma, akijifariji kwamba angalau amesemeshwa. Akafuatwa na mwenzake wa kwaya, mama mmoja asiyejua kunong'ona.

"We mama, una roho gani? Wifi yako analia kule nyuma!"

"Analia nini? Si amenikaribisha vizuri tu?"

"Amekukaribisha, ukamwambia umeshiba! Anasema hata leo umeuona wali wake haufai."

"Mimi? Mbona nilikuwa nangoja anikaribishe tena!"

"Tena? Mwenzio tangu juzi anajikaza aseme hiyo mara moja!"

Mama akasimama. Boti likayumba, akashika bega la huyu na kichwa cha yule mpaka akafika nyuma. Wifi alikuwa ameinamia sufuria, anaikwangua. Njiani mama alitunga maneno marefu ya kuomba radhi, yenye adabu zote. Yote yakamkauka. Likatoka lile lililokuwa kweli.

"Wifi, nina njaa."

Wifi akamtazama. "Si ulisema umeshiba?"

"Nilidanganya. Nina njaa tangu alfajiri. Na siku ile ya arusi nilikukosea, tena mbele za watu. Nisamehe."

Wifi akajifuta macho kwa kiwiko. "Chakula kimekwisha. Umebaki ukoko."

"Nipe huo huo."

Wakaketi chini, sufuria katikati, wakawa wanabandua ukoko kwa vidole, wanatafuna, watu wote wanawasikia. Boti likarudi taratibu. Wifi akapata kipande kikubwa, chekundu, kitamu, akamsogezea mwenzake.

Sasa turudi kwetu sisi. Bwana anatuandalia meza, anatuita, nasi tunamwambia nini? "Sijambo, Bwana. Nashukuru, niko salama." Tunafua, tunapiga pasi, tunakuja hapa, tukiulizwa habari tunasema nzuri, na huku ndani njaa inatukata. Na mimi ninayesema nanyi nimo humo humo. Maombi yangu mengi yana adabu kuliko ukweli. Halafu yule tuliyemkosea sisi wenyewe, tunangoja yeye ndiye atuvute mkono. Atuvute mara ngapi? Je, tunajua ile mara moja imemgharimu nini?

Ndugu zangu, Mungu hachukizwi na mwenye njaa. Meza yake haikuandaliwa kwa walioshiba. Leo, kabla hujatoka mlango ule, ziache adabu zako hapo chini ya benchi. Mwambie Bwana, kisha nenda kamwambie na ndugu yako, hata kama kilichobaki ni ukoko. Ni maneno mawili tu: nina njaa.